Unaona, Tobia?

Mlalo
20 Agosti 2023

Elinuru,

Baba yako amekufa. Alikufa Jumatano tarehe tisa, saa kumi jioni, kwenye tuta la pili la shamba la maharage. Nilikuwa naye. Alisema mguu umekufa ganzi, akakaa, akalala. Hakusema kitu kingine.

Najua ulipigiwa simu. Alipiga mama yako, sio mimi. Lakini mdogo wa marehemu ndiye anatakiwa akuambie, basi nakuambia. Simu siiwezi. Nikiishika maneno yanakimbia.

Sasa ndiyo salamu. Mwanangu, hujambo? Mtoto hajambo? Tumesikia ni wa kiume na kwamba ulipasuliwa. Usisikitike kwamba hukuja kumzika baba yako. Mtu mwenye mshono hatoki Sumbawanga mpaka Mlalo. Hakuna aliyesema kitu. Waliosema nimewanyamazisha.

Mama yako yupo, anakula kidogo. Ng'ombe kazaa jike. Viazi vimeungua na baridi. Mimi nipo, bado ni saidia fundi kwa Zuberi, tunajenga choo cha shule.

Tulizika Jumamosi. Watu walijaa mpaka wakakaa kwenye ukuta nje ya kanisa. Kwaya mbili. Mzee wa kanisa Stephano ndiye alisoma wasifu, ule uliomtumia kwenye simu. Alisoma vizuri. Alipozaliwa, alipofundisha, miaka thelathini na nne ya chaki. Akasoma lile la darubini, kwamba walimu wenzake walipopata kiinua mgongo walinunua bati, yeye akanunua bomba la kuangalia mbinguni. Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha kumpenda mtu.

Halafu akasoma: "Mwezi wa sita mwaka huu, akiwa na mdogo wake Tobia, aliiona nyota iliyolipuka katika galaksi ya mbali, ambayo mwanga wake umesafiri miaka milioni ishirini na moja mpaka Mlalo." Mchungaji akasema Tobia asimame, watu wamwone. Nikasimama. Nikakaa.

Hayo ndiyo ya mazishi.

Darubini iko kwangu. Nimeifunika gunia.

Mimi baba yako mdogo,
Tobia


Sumbawanga
10 Septemba 2023

Baba mdogo, shikamoo.

Barua yako imetembea siku kumi na sita. Nimeisoma nimesimama, mtoto mgongoni, halafu nikakaa nikaisoma tena. Asante kwa kuniambia wewe. Mama kwenye simu alilia tu, sikujua hata alikufa saa ngapi.

Sisi hatujambo. Mshono umepona, ila nikicheka unavuta. Wodini ninakofanya kazi nimepewa likizo mpaka mwezi wa kumi na moja. Mtoto tumempa jina la babu yake, Anselm. Ana nywele nyingi na analia kama anafokea darasa.

Na mimi naandika, maana kwenye simu unasema "sawa, sawa" halafu unakata.

Nina mambo mawili ya kukuomba. Kwanza daftari la baba la darubini, lile la jalada jeusi. Kila Jumapili alikuwa ananipigia, ananiambia "Tobia ameiona." Macho yake yalikuwa yameharibika na mtoto wa jicho, najua. Wewe ndiye uliyekuwa macho yake. Nitumie hilo daftari nilishike.

Pili ni kaburi. Nataka lijengwe kabla ya Krismasi, nikipata nauli nije kuweka msalaba. Hela ya simenti nimemtumia Stephano. Chini ya jina nataka paandikwe: ALIIONA NYOTA ILIYOLIPUKA, JUNI 2023. Zuberi asiandike. Andika wewe, kwa mkono wako, kwa kuwa wewe ndiye shahidi.

Na uniambie ilikuwaje. Ina rangi gani? Baba hakuwahi kuniambia rangi.

Mwanao,
Elinuru


Mlalo
8 Oktoba 2023

Elinuru mwanangu,

Marahaba. Barua nimepata. Jina la mtoto ni zuri. Mama yako kalisikia kaingia ndani, katoka baadaye ameosha uso.

Huku wazima. Ndama aliharisha, amepona. Choo cha shule kimekwisha, sasa tunajenga ukuta.

Kaburi bado. Kuna mvua. Simenti haikauki kwenye mvua, inapasuka.

Daftari sijalipata vizuri. Nalitafuta.

Umeuliza rangi. Ni rangi ya nyota.

Watu huku tangu msiba wananiita Bwana Nyota. Zuberi ndiye alianza. Asubuhi nikifika kwenye mchanga anavua kofia. "Bwana Nyota, kwa heshima na taadhima, leta zege." Wote wanacheka. Mwalimu mkuu, Paskali, kaniita ofisini, anataka niongee na watoto wa darasa la saba juu ya nyota. Nikamwambia nina kazi. Akasema atasubiri nafasi yangu. Mtu mwenye shahada anasubiri nafasi yangu mimi.

Basi, wasalimie.

Tobia


Sumbawanga
5 Novemba 2023

Shikamoo baba mdogo.

Hatujambo, mtoto anaongezeka.

Nimeongea na mama. Anasema mwezi wa kumi mwanzoni haikunyesha hata tone, mlikuwa mnabeba maji ya kujengea kutoka mtoni. Anasema daftari hulitafuti, uliondoka nalo mwenyewe siku ya kuanua tanga, umelifunga kwenye shati. Simenti ni mifuko minne, iko kwa Stephano tangu mwezi wa tisa, inaanza kuganda pembeni. Kaburi la baba yangu ni kichuguu cha udongo na kuku wanachimbua.

Umejenga makaburi ya watu wote wa Mlalo. La kaka yako lina nini?

Nasikia vibaya kukuuliza mtu mzima, lakini nauliza. Umerudi kwa Mama Mwanahamisi? Unakunywa?

Sijui nimekukosea nini. Kama nimekukosea sema. Ukikaa kimya tena nitampa Zuberi kazi hiyo.

Elinuru


Mlalo
26 Novemba 2023

Mwanangu Elinuru,

Marahaba. Wote wazima. Mvua sasa ni ya kweli. Ile niliyokuandikia haikuwepo. Barabara ya Lushoto imefunikwa udongo mara mbili, barua hii itachelewa.

Sinywi. Shika hilo kwanza.

Nyota sikuiona.

Sio siku moja. Tulikwenda siku ishirini na tatu. Sikuiona hata siku moja.

Nakueleza. Mke wangu Efrazia alipokufa mwaka jana, nyumba ilikuwa kubwa. Nikawa nikitoka kazini napita kwa Mama Mwanahamisi, nakunywa boha, ile pombe ya miwa, mpaka sijui mlango wangu uko wapi. Mwezi wa sita baba yako akaja kilabuni na fimbo yake. Mwalimu hajawahi kuingia pale. Watu walinyanyuka kama darasani, mmoja akaficha kikombe. Akasema, "Tobia, nahitaji macho. Yangu yana ukungu." Mbele ya watu. Nikaenda.

Ikawa kila siku tukishakula, nabeba bomba begani, yeye anashika taa, tunakwenda pale ukingoni ambapo bonde la Mnazi lote linaonekana chini na upande wa kaskazini hakuna mlima. Ananionyesha nyota saba, kama kata ya maji iliyopinduliwa. Chini ya mwisho wa mpini, weka hapo. Naweka. Alikuwa na karatasi aliyochapisha mjini, ina weupe wa galaksi na nukta ndani yake, na hiyo nukta kaizungushia wino.

Siku ya kwanza niliona kope zangu. Halafu nikaona nukta nyingi, zote sawa. Sikujua ni ipi. Nikataka kusema sioni.

Lakini wewe hujui. Mimi nilitolewa shule darasa la nne, baba akasema ng'ombe hana mtu. Kaka alikuwa anasomea ualimu, akirudi likizo ananikalisha jikoni na mkaa na ubao. Herufi nikikosa ananiambia, "Angalia tena. Unaona, Tobia?" Nikisema sioni hapigi. Anasikitika. Bora angepiga. Sasa nina miaka hamsini na nane, na ameinama pembeni yangu na lile koti lake, ananiuliza vilevile. "Unaona, Tobia?"

Nikasema, "Naona, kaka."

Alicheka peke yake. Akaandika. Njiani kurudi aliimba.

Kesho yake ningesemaje? Akiuliza inang'aa kama jana, nasema kama jana. Siku nyingine nasema imepungua, ili zisifanane. Siku moja hapakuwa hata na nukta, giza tupu kama umechungulia ndani ya chungu. Nikasema leo inang'aa kuliko jana. Mdomo ulishazoea.

Sikusema uongo ili nisifiwe. Nilisema uongo ili asisikitike. Lakini kanisani nilisimama. Ningeweza kukaa. Nilisimama na watu wakanitazama vizuri, na kuna dakika moja nilipenda. Hiyo ndiyo inanila.

Sasa unataka niandike kwenye kaburi. Tunaandika na msumari simenti ikiwa mbichi, ikikauka imekauka. Nimeandika makaburi mengi, na mengine najua ni uongo. BABA MPENDWA, na watoto walimkimbia. Sikujali, hawakuwa wangu. Hili mkono unakataa. Kwa hiyo nilikudanganya juu ya mvua, na juu ya daftari.

Daftari hili hapa. Sikulisoma. Mwandiko wake wa kuunganisha unanishinda, na niliogopa. Yote yaliyomo ni uongo wangu kwa mkono wake. Lichome.

Kaburi mpe Zuberi. Kama hutaki kuniita baba mdogo tena, sawa.

Tobia


Sumbawanga
14 Januari 2024

Baba mdogo, shikamoo.

Nimekuita hivyo na nitaendelea.

Barua na daftari vilifika siku mbili kabla ya Krismasi. Nauli sikupata, unajua. Nilikaa na hasira siku tisa. Niliweka daftari juu ya kabati ili nisiliguse. Mume wangu aliuliza, "Huyo mzee kaua mtu?" Nilikuwa nawaza wasifu ule, watu wote wale, na kwamba nimempeleka baba yangu kaburini na uongo.

Siku ya kumi mtoto alilala mapema, nikalifungua. Nakunakilia hapa kwa herufi za kuachana. Soma polepole.

12 JUNI. ANGA SAFI. MIMI NAONA WEUPE TU. TOBIA ANASEMA AMEIONA.

14 JUNI. UKUNGU MPAKA KWENYE NDEVU. TOBIA ANASEMA AMEIONA.

17 JUNI. TUMERUDI NYUMBANI NDIPO NIMEGUNDUA KIFUNIKO CHA MBELE CHA DARUBINI HAKIKUTOLEWA. TOBIA ANASEMA AMEIONA. ANASEMA INANG'AA KULIKO JANA.

18 JUNI. NILITAKA KUMWAMBIA. NIKIMWAMBIA ATAONA AIBU, KESHO HAJI, ATARUDI KILABUNI. NIMEMUULIZA KAMA KAWAIDA. SIKU YA SABA HAJANYWA.

2 JULAI. MWEZI MKUBWA. HATA WATAALAMU WANASEMA HAIONEKANI. TOBIA ANASEMA AMEIONA. SIKU YA ISHIRINI NA MOJA.

Ziko zote hivyo. Hakuna mahali alipoandika kwamba yeye ameiona. Kila siku ni "Tobia anasema." Nimewatafuta wale wa kundi lake la simu, wapenda nyota, nikawauliza baba alituma nini. Alituma ujumbe mmoja tu: "Mlalo bado hatujaiona."

Baba hakudanganya mtu. Aliyeandika "aliiona" ni mimi.

Na sasa sikia langu. Alipokuwa ananipigia Jumapili, mimi simu naiweka mezani, nakata mboga, nasema "ee baba, ee baba." Alikuwa anaongea mno juu ya hiyo nyota. Siku moja alicheka sana, mpaka akakohoa, akasema, "Elinuru, jana kifuniko, kifuniko!" Nikasema "ee baba." Sikumuuliza kifuniko gani. Alipokufa nikaandika wasifu wa mtu ambaye sikuwa namsikiliza. Wewe ulikuwepo siku ishirini na tatu. Mimi sikuwepo hata nilipokuwa kwenye simu.

Maneno yale usiandike. Andika unachojua ni kweli, hata kama ni jina tu. Zuberi simpi kazi hiyo.

Daftari nakurudishia. Kuna kurasa nyingi hazijaandikwa.

Mwanao,
Elinuru


Mlalo
11 Februari 2024

Mwanangu Elinuru,

Marahaba. Mama yako mzima, amevuna kabichi. Ndama ameachishwa. Mtoto Anselm mpe salamu, mwambie asifokee watu.

Barua nimeisoma siku tatu, kwa vipande. Pale pa kifuniko nilisimama. Nikatoka nje. Nikarudi nikasoma tena kama ni hivyo. Ni hivyo.

Alijua. Kila jioni namjibu naona, na yeye anajua. Sijui niweke wapi uso. Ananiuliza kama kawaida, mimi najibu kama kawaida, na wote wawili tunaona haya. Baada ya siku ya ishirini na tatu nilipata homa, nikakaa nyumbani siku mbili. Yeye akaja na uji. Akakaa kwenye kigoda, akasema, "Ukipona tutaangalia vingine." Nilidhani amechoka na nyota. Hatukuwahi kuangalia vingine.

Kaburi limekwisha. Zuberi alinipa wiki nzima, akaja mwenyewe siku mbili kunishikia ubao, hakutaka kitu. Nimepiga niru ya simenti juu, imekaa laini. Nimeandika ANSELM, nikaandika miaka, nikaandika MWALIMU. Basi. Chini pamebaki nafasi. Zuberi akasema weka ua. Nikasema acha.

Zege lililobaki nimelipeleka kwa Efrazia. Alikuwa na msalaba wa mti tu, mke wa mtu anayejengea watu makaburi.

Leo kanisani, wakati wa matangazo, nilimwomba Stephano nafasi. Akadhani ni la mnada wa mahindi. Nikasimama. Nikasema: "Nyota mliyosomewa siku ya msiba, mimi sikuiona. Kaka hakusema ameiona. Nilimwambia naona, siku zote ishirini na tatu. Hata siku ambayo bomba lilikuwa na kifuniko." Nikawasomea ile ya kumi na saba Juni kutoka kwenye barua yako. Halafu mama yako akaanza kucheka, wa kwanza ni yeye, akajifunika kanga usoni. Wakacheka wote. Mchungaji akashika mimbari. Mimi sikucheka, lakini sikukaa mpaka walipomaliza.

Mnadani Zuberi akanifuata, akanisalimu kwa Kisambaa. "Onga mshi, Bwana Kifuniko." Watoto wakadaka, mpaka nafika nyumbani wananiimbia. Paskali kasema bado anataka niende darasa la saba, sasa zaidi. Nimekubali. Hili jina ni langu, lile la kwanza nililiiba.

Kuna jambo jingine. Leo alfajiri, kabla ya kanisa, nilibeba bomba mwenyewe mpaka ukingoni. Ile kata wakati huu iko kule saa kumi na moja asubuhi. Kifuniko nilikitoa kwanza, nikakitia mfukoni, nikakipapasa mara mbili. Nikaweka chini ya mwisho wa mpini. Nikasubiri kope zitulie. Nilikaa muda mrefu bila mtu kuniuliza.

Niliona weupe mdogo, kama mtu amepumulia kioo. Upo kweli. Nukta ndani yake hapana.

Nimeandika kwenye daftari, chini ya yake ya mwisho, kwa herufi za kuachana: 11 FEBRUARI. ANGA SAFI. WEUPE NIMEUONA. NYOTA SIJAIONA. TOBIA.

Wiki ya kaburi imekwisha. Kesho narudi kazini.

Baba yako mdogo,
Tobia